Jinsi ya Kusoma na Kutunza Barua za Askari na Mchumba Wake za Wakati wa Vita

Anayerithi furushi la barua ambazo askari na mchumba wake waliandikiana wakati wa vita huvutwa kwanza na ile iliyo juu. Huifungua, huisoma, machozi yakamlengalenga, kisha huchomoa nyingine ambayo bahasha yake imempendeza, na baada ya saa moja mpangilio uliodumu miaka themanini umevurugika. Mpangilio huo, hata ukionekana wa ovyo, ni ushahidi: huenda mpokeaji mwenyewe ndiye aliyezifunga kwa utepe kwa jinsi zilivyomfikia, au alizitenga zile za kabla ya uchumba na zile za baada yake. Kwa hiyo, kabla ya kusoma hata neno moja, lipige picha furushi lote kama lilivyo, kisha ipe kila barua namba ya muda kufuatana na mahali ilipokaa, ukiiandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi safi kitakachokaa pamoja nayo. Usiandike chochote kwenye barua yenyewe.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba barua hizi ni mazungumzo ya watu wawili yaliyokatwa vipande na umbali, ambamo jibu liliweza kufika baada ya swali kusahauliwa, na ambamo mtu wa tatu, yaani mkaguzi wa barua wa jeshi, mara nyingi alikuwa akisikiliza. Yarudishe kwanza mazungumzo hayo katika mfuatano wake, ndipo uamue nani alinuna, nani alikawia kujibu na nani alipenda zaidi.

Kuzishika na kuzifungua

Nawa mikono na uikaushe kabisa. Glavu za pamba, ambazo wengi hudhani ni lazima, hupunguza hisia za vidole na kuongeza hatari ya kuchana karatasi dhaifu, kwa hiyo kwa barua za kawaida mikono safi inatosha; glavu laini za kitabibu zifae kwa picha tu. Tangu katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zimetengenezwa kwa rojo la mbao lenye asidi, ambayo huzigeuza kuwa za manjano na kuzifanya zikatike kwenye mikunjo, na wakati wa vita, karatasi ilipoadimika, ubora wake ulishuka zaidi. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, watu wa majimbo ya Kusini walifikia hatua ya kugeuza bahasha zilizokwisha kutumika ndani nje na kutengeneza nyingine kwa karatasi za kupambia kuta, na si ajabu kukuta ukurasa ulioandikwa kwa mlalo kisha ukageuzwa na kuandikwa tena kwa kukatiza mistari ya kwanza, ili kuokoa karatasi na gharama. Ukurasa wa namna hiyo huonekana kama wavu, lakini husomeka: usome mistari ya upande mmoja tu huku ukiufuata kwa ukingo wa kadi nyeupe, kisha ugeuze.

Mkunjo unaokataa kufunguka usiulazimishe. Ondoa pini, klipu na mipira ya kufungia, kwa kuwa chuma hushika kutu na mpira huoza na kuganda kwenye karatasi. Klipu iliyokwisha kushika kutu itelezeshee kipande cha plastiki nyembamba chini yake kwanza, ndipo uilegeze. Muhimu kuliko yote, maji yasikaribie kabisa, hata kitambaa chenye unyevunyevu cha kufutia vumbi. Askari wengi wa Vita Kuu ya Kwanza waliandika kwa penseli maalumu ambayo maandishi yake hayafutiki, na penseli hiyo, inayoonekana ya kijivu ikiwa kavu, hugeuka zambarau na kutapakaa mara inapoguswa na maji. Ukiona doa la zambarau katikati ya neno, basi mahali hapo palilowa wakati fulani, ingawa ningekusihi usikimbilie kusema ni chozi. Mvua ya mahandakini ilitosha kabisa.

Bahasha isitenganishwe kamwe na barua yake. Watu huzitupa kwa kuona hazina maneno ya mapenzi, ilhali muhuri wa posta, namba ya kikosi, sahihi ya mkaguzi na anwani iliyofutwa ikaandikwa nyingine vyote viko juu yake.

Kuipata tarehe

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Wapenzi huandika kwa kudhani kwamba anayesoma anajua mwaka, kwa hiyo utakutana na "Jumapili usiku" tupu, au "tarehe 4" pasipo mwezi. Fungua daftari na uandike kwa kila barua: namba ya muda, mwandishi, tarehe aliyoitaja mwenyewe, tarehe ya muhuri, tarehe ya kupokewa ikiwa mpokeaji aliiandika pembeni, mahali, na barua ambayo yeye anasema anaijibu. Safu hii ya mwisho ndiyo itakayokuokoa, kwa sababu sentensi moja kama "leo nimepata zako mbili, ile ya tarehe tisa na ile ya kumi na moja" hufunga barua tatu pamoja kwa uhakika kuliko kukisia kwa aina ya karatasi.

Siku ya juma ikitajwa pamoja na tarehe, kalenda humaliza ubishi. Chukua barua ya Vita Kuu ya Pili iliyoandikwa "Jumapili, 4 Juni" bila mwaka. Kati ya 1939 na 1945, tarehe 4 Juni ilikuwa Jumapili mara mbili tu, mwaka 1939 na mwaka 1944. Na kwa kuwa vita vilianza Ulaya mnamo Septemba 1939, askari aliyeko vitani aliandika mwaka 1944, siku mbili kabla ya majeshi ya Washirika kuvuka bahari na kutua Normandy, pwani ya Ufaransa. Ukiijua tarehe hiyo, utani wake wowote kuhusu bahari unasomeka kwa namna nyingine kabisa. Lakini jihadhari na tarehe za namba tupu: 4/6/44 kwa Mwingereza ni tarehe 4 Juni, na kwa Mmarekani huenda ni tarehe 6 Aprili. Tafuta katika furushi hilohilo tarehe yenye siku inayozidi 12, nayo itakuonyesha mwandishi alikuwa na mazoea gani.

Wapenzi wengi walizipa barua zao namba, kwa kuwa walijua kwamba ya kumi na saba ingeweza kuitangulia ya kumi na tano. Ukikuta namba hizo, shukuru, kisha orodhesha zinazokosekana. Kasi ya posta nayo ilitofautiana mno. Katika Vita Kuu ya Kwanza, barua kutoka Uingereza ilifika kwenye mstari wa mbele wa Ufaransa kwa takriban siku mbili, baada ya kupitia kituo kikubwa cha uchambuzi kilichojengwa kwa mbao katika bustani ya Regent's Park jijini London, ambacho wakati wa pilika kubwa kilipitisha barua milioni 12 kwa juma. Bali aliyekuwa ng'ambo ya bahari mbili alisubiri majuma mengi. Kabla ya kusema kwamba binti alinyamaza mwezi mzima kwa hasira, pima kwanza siku zinazopita kati ya tarehe ya kuandikwa na ya kujibiwa katika barua ambazo una uhakika nazo, halafu linganisha.

Mahali mara nyingi hapatajwi, kwa kuwa ilikatazwa. Badala yake utakuta namba: Wajerumani wa Vita Kuu ya Pili walitumia namba za posta ya vitani za tarakimu tano, na Wamarekani walitumia herufi APO zikifuatwa na namba ya ofisi ya posta ya jeshi. Orodha za namba hizo zimechapishwa, na kwa kuzifuatilia utajua kikosi kilikuwa wapi, ilimradi ukumbuke kwamba namba ilihama pamoja na ofisi au kikosi chake, na kwa hiyo lazima isomwe pamoja na tarehe.

Msomaji wa tatu

Katika jeshi la Uingereza la Vita Kuu ya Kwanza, barua za askari wa kawaida zilisomwa na maofisa wadogo wa kikosi chake mwenyewe, ambao walitia sahihi kwenye bahasha. Tafakari maana yake: kijana alimwandikia mchumba wake maneno ya faraghani akijua kwamba yatasomwa usiku huo na luteni ambaye kesho yake alfajiri angemkagua bunduki. Ubaridi wa barua kama hiyo si ushahidi wa ubaridi wa moyo. Kuanzia mwaka 1915 askari aliweza kupewa, mara mojamoja, bahasha maalumu ya kijani ambayo haikusomwa kikosini. Alitia sahihi ya kuapa kwa heshima yake kwamba ndani mna mambo binafsi na ya kifamilia tu, ingawa bado ingeweza kufunguliwa huko nyuma kwenye kambi kuu. Furushi lako likiwa na bahasha za aina zote mbili, usizichanganye: soma za kijani kwa mfululizo, kisha za kawaida kwa mfululizo, na utasikia sauti mbili za mtu mmoja.

Kulikuwa pia na kadi ya posta ya vitani iliyochapishwa sentensi tayari, za kusema kwamba mwandishi hajambo, amelazwa hospitali, au amepata barua yako, naye kazi yake ilikuwa kukata zisizohusika, kuandika tarehe na kutia sahihi. Kadi ilionya kwamba neno lolote likiongezwa itaharibiwa. Wengi huzipuuza kadi hizi kwa kuwa hazina neno la mwandishi, lakini mimi huzitazama kwa makini, kwa sababu mara nyingi zilitumwa wakati ambapo hapakuwa na nafasi ya kuandika barua, yaani kabla au baada ya mapigano. Ziingize kwenye daftari sawa na barua nyingine.

Mkaguzi aliyekuta jambo lililokatazwa alilipaka wino au alilikata kwa wembe au mkasi, na palipokatwa, maneno ya upande wa pili wa karatasi nayo yakapotea, ingawa hayakuwa na hatia. Kwenye maandishi yaliyopakwa wino, jaribu kuilaza taa pembeni ili mwanga upite juu ya karatasi kwa mlalo, kwa kuwa alama za kalamu huacha mifereji inayoonekana. Picha ya kidijitali iliyoongezwa ukali wa rangi husaidia pia. Dawa na kemikali za kuondoa wino usiziguse kamwe. Barua za askari wa Kisovieti wa Vita Kuu ya Pili hazikuwa hata na bahasha: karatasi ilikunjwa pembetatu, anwani ikaandikwa nje, ikasafirishwa bure na kugongwa muhuri wa ukaguzi wa jeshi, kwa hiyo ukiikunjua pembetatu kama hiyo, iandikie maelezo ya jinsi ilivyokunjwa.

Wapenzi nao hawakuwa wajinga. Walipatana kabla ya kuagana kwamba jina fulani la shangazi lina maana ya mji fulani, au walitoboa vitundu vya pini chini ya herufi, au walifanya herufi za mwanzo za aya ziunde jina la mahali. Inua karatasi dhidi ya mwanga uone kama ina vitundu. Ukikuta askari anamsalimu ndugu ambaye hayumo katika ukoo wala hatajwi tena popote, shuku. Hata hivyo usianze kuona mafumbo kila mahali, S.W.A.L.K. nyuma ya bahasha ya Kiingereza haifichi siri yoyote ya vita, ni kifupi cha maneno ya kusema kwamba imefungwa kwa busu la upendo.

Zaidi ya mkaguzi wa jeshi, kulikuwa na mkaguzi aliyekaa ndani ya mwandishi mwenyewe. Askari alimwandikia mchumba kuhusu soksi, matope na chakula kibaya kwa sababu mambo hayo yaliweza kusemwa bila kumtia hofu, na "mimi ni mzima wa afya" lilikuwa neno la desturi kama lilivyo "baada ya salamu, madhumuni ya barua hii ni kukujulia hali". Ikiwa familia inazo barua alizomwandikia kaka au rafiki katika juma hilohilo, zilinganishe. Tofauti kati ya alichomwambia kaka na alichomwambia mchumba ndiyo kipimo cha alivyotaka kumkinga.

Nusu iliyopotea

Mara nyingi utakuwa na barua zake yeye askari tu. Binti alikuwa na sanduku na droo, askari alikuwa na mkoba wa mgongoni. Barua alizopokea zilioza kwa mvua, zilichomwa kabla ya shambulio zisije zikaangukia mikononi mwa adui, au zilipotea pamoja naye. Matokeo yake ni kwamba mwanamke huonekana kimya, na msomaji asiyekuwa makini humhukumu. Napoleon Bonaparte alimwoa Joséphine tarehe 9 Machi 1796, akaondoka siku chache baadaye kwenda kuongoza jeshi lililopigana Italia, na barua zake kutoka huko zimejaa malalamiko kwamba mkewe haandiki. Ukizisoma peke yake, unasikia shtaka bila utetezi.

Njia ya kumrudishia sauti ni kuandika orodha ya kila kitu ambacho askari anakijibu. Anaposema "unaniuliza kama nimenyoa masharubu", swali la binti umelipata. Anaposema "usijilaumu kwa mambo ya baba yako", umepata ugomvi mzima wa nyumbani. Ukiyapanga maswali hayo kwa tarehe, barua za binti zilizopotea zinaanza kuwa na umbo, ingawa lazima uziandike daima kama makisio na kamwe usizitungie maneno. Pale ambapo pande zote mbili zimesalia, kama kwa mwandishi Mwingereza Vera Brittain na mchumba wake Roland Leighton, askari wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao barua zao zimo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, ndipo mtu hutambua jinsi ambavyo upande mmoja pekee ungempotosha. Leighton alifariki kwa majeraha tarehe 23 Desemba 1915, wakati Vera akimsubiri aje likizo ya Krismasi, na habari zilimfikia Vera baada ya Krismasi. Mpangaji wa barua akumbuke kwamba katika siku kama hizo mwandikaji huzungumza na mtu ambaye hayupo tena.

Mateka wa vita huwa na sura yao. Barua zao ni fupi, juu ya fomu zilizochapishwa, kwa kuwa idadi iliwekewa mpaka. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, panapokuwa na ulazima wa kuweka mpaka, haumruhusu anayeshikilia mateka kuwapunguzia chini ya barua mbili na kadi nne kwa mwezi. Ufupi huo usiuhesabu kama uchovu wa mapenzi.

Kunakili

Nakili neno kwa neno, pamoja na makosa ya tahajia, kwa kuwa yanaonyesha elimu, lafudhi na haraka ya mwandishi. Neno usiloweza kulisoma liachie mabano ya mraba yenye alama ya kuuliza, na ulirudie baada ya kurasa kumi, ukishauzoea mwandiko. Juu ya nakala andika nani aliinakili, lini, na kutoka karatasi ipi. Hili si jambo dogo. Barua maarufu ambayo meja Sullivan Ballou alimwandikia mkewe Sarah tarehe 14 Julai 1861, juma moja kabla ya mapigano ya Bull Run, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, alikojeruhiwa kisha akafa, imetufikia kwa nakala zinazotofautiana, na karatasi ya mkono wake mwenyewe haijulikani ilipo, kwa hiyo kila mjadala kuhusu neno fulani ndani yake huishia ukutani.

Skani kwa rangi, kwa angalau nukta 300 kwa inchi, na 600 kwa mwandiko mdogo. Barua za V-mail za Marekani, zilizotumika kuanzia Juni 1942 hadi Novemba 1945, zinahitaji 600 bila shaka, kwa kuwa ulichonacho ni picha tu: karatasi ya mwandishi ilipigwa kwenye filamu ndogo, filamu ikasafirishwa, ikachapishwa upya kwa ukubwa mdogo kuliko wa awali. Kwa njia hiyo barua 150,000 zilizojaza magunia 37 yenye uzito wa ratili 2,575 ziliingia katika gunia moja la ratili 45. Usitafute ndani yake ua lililokaushwa wala harufu ya manukato.

Kuhifadhi na kuonyesha

Karatasi zilaze wazi, bila kukunjwa, ndani ya folda zisizo na asidi, kila barua na bahasha yake, katika kasha lililo mahali pa baridi kiasi na pakavu: nyuzi 20 za Selsiasi au chini yake, na unyevu wa kati ya asilimia 35 na 50. Dari na chumba kilicho chini ya ardhi havifai. Tepu na laminesheni ni sumu. Karatasi iliyochanika iache katika folda yake hadi uifikishe kwa mtaalamu. Ukitaka kutundika moja ukutani, tundika nakala.

Kabla ya kuzichapisha, fahamu kwamba katika nchi nyingi karatasi ni mali ya aliyeipokea na warithi wake, bali maneno ni ya aliyeyaandika, na hakimiliki yake hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo chake kutegemea sheria ya nchi. Barua za askari na za binti basi huenda zina warithi wawili tofauti, hasa kama hawakuoana. Waulize wote.

Inabaki barua iliyorudishwa ikiwa imefungwa, na alama kwenye bahasha inayosema kwamba mpokeaji ameuawa, hajulikani alipo au amelazwa. Binti aliipokea mkononi mwake na akaamua kutoifungua, au hakuweza. Huna ulazima wa kuifungua, na warithi wasipokubaliana iache. Mkikubaliana, ipigeni picha pande zote, msitumie mvuke, wala msibandue mdomo wa bahasha. Ikateni kwa wembe mwembamba kwenye upande mfupi, ili gundi aliyoilamba mwandishi ibaki ilivyofungwa. Kisha andikeni kwa penseli kwenye folda yake tarehe mliyoifungua na majina ya waliokuwapo.